Machela ya Watu Wawili

Shemeji Deo alinijia saluni, hapa Overport, saa ambazo wateja huwa wachache na wasichana wangu hukaa wakisukana wao kwa wao. Sikumtambua. Niliona mzee aliyepinda kiunoni amesimama mlangoni, kofia mkononi, nikadhani ni mpita njia anayetaka maji ya kunywa, nikamwambia msichana mmoja amletee. Akayapokea, akayanywa yote, akairudisha glasi kwa mikono miwili, na ni hiyo mikono miwili iliyonifanya nisimame. Durban nzima nimemjua mwanamume mmoja tu aliyerudisha glasi namna hiyo, kama anayekabidhi mtoto mchanga. "Riziki," akasema, "ile hamac ya dada yako, iko bado?" Hakunisalimu, hakuniuliza hali, wala hakueleza miaka yote hiyo alikuwa wapi. Nilitaka kumgombeza, maana mimi nikikasirika mdomo hutangulia na moyo hufuata, lakini siku hiyo mdomo ulikataa. Nikamjibu kwamba ipo. Akaketi kwenye kiti cha kuoshea nywele, akajifunika uso kwa kofia, na wasichana wangu wakaacha kusukana.

Ipo juu ya kabati langu, ndani ya foronya. Naitoa mara mojamoja, naianika kibarazani ipate hewa, kisha naikunja tena. Ni machela ya kutundika na kulalia, ya uzi wa pamba, rangi yake ni ya samawati na nyeupe, na ukiishika mkononi huwezi kuamini kwamba kitu chepesi hivyo kilimbeba mtu mzima. Wakongo wenzangu tunaiita hamac, kwa Kifaransa. Wageni wangu wakiiona huniuliza kwa nini siitundiki nikapumzika, na umri wangu huu na magoti haya, nami huwajibu kwamba sina nafasi. Ni uongo, nafasi ninayo. Nilichokosa ni nguvu ya kuiona imetundikwa tupu, haina dada yangu ndani yake, na nguvu hiyo sikuitafuta mpaka Deo alipokuja.

Mwaka ninaousema ni 2013. Tulikuwa tunaishi Point, ghorofa ya sita, kwenye jengo la zamani la upande wa bandari lenye lifti iliyofanya kazi inapopenda. Jinsi tulivyofika pale sitaieleza. Safari za namna yetu zimeshasimuliwa sana na yetu haikuwa na jipya. Chumba kilikuwa kimoja kikubwa, chenye dirisha lililotazama winchi za bandarini, na chumvi ya bahari ilikuwa imekula kila komeo na kila bawaba hata madirisha yakawa yanalia yakifunguliwa. Pazia la maua lilikigawa chumba: nyuma yake Furaha na mumewe Deo na kitanda chao, mbele yake mimi, godoro langu na jiko la gesi. Deo alilinda magari ya watu kando ya ufukwe. Mimi nilisuka nywele kwenye saluni ya mtaani, chini kabisa ya jengo letu, na harufu ya majani ya muhogo, yale tunayoyaita sombe, aliyopika yaya Furaha (yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu) niliweza kuinusa tangu ghorofa ya nne nikipanda ngazi. Mwaka ulipoanza, harufu hiyo ilikuwa imekoma, kwa sababu yaya alikuwa hawezi tena kusimama mbele ya jiko.

Alikuwa na saratani. Ilianza kwenye titi, wakaikata, tukashukuru Mungu kanisani kwa ngoma na vigelegele, kumbe yenyewe ilishapanda kwenye uti wa mgongo. Dawa walimpa, na dawa zilisaidia mchana kidogo, lakini kulala hakuweza. Godoro lilimchoma. Tukaongeza mito, tukapunguza mito, tukaweka blanketi sakafuni, na kila mahali palikuwa na mfupa wake mmoja unaogusa kitu kigumu. Mwisho alikuwa analala ameketi kwenye kiti, kichwa juu ya meza, katikati ya bakuli la chumvi na redio. Nilipomuuliza amelala kiasi gani, alicheka kwa pua. "Kulala ni kazi, Riziki, na miye balishanifukuza kazi." Alikuwa mtu wa mzaha hata katika maumivu, na mimi nilikuwa naenda kulia kwenye choo cha ukumbini, ambako bomba lilivuja kwa sauti kubwa na hakuna aliyenisikia.

Mwishoni mwa ukumbi huohuo aliishi mwanamke tuliyemwita Mama Cande. Tulimjua kwa kuonana kwenye lifti tu: mfupi, mweusi wa jua, nywele nyeupe zimesukwa mkia mmoja mpaka kiunoni, na mkia huo mimi nilikuwa nauonea wivu wa kikazi. Siku moja nilikuwa nakaanga pilipili mbuzi na vitunguu ili nimtamanishe yaya ale ndagala, yaani dagaa, mlango ukagongwa, naye yuko nje anavuta hewa kwa macho yaliyofumbwa. "Ile pilipili," alisema, "ni ya kwetu." Nilimwambia ni ya kwetu. Akaingia bila kukaribishwa, akaitazama kwenye kikaango, akasisitiza ni ya kwao, na ugomvi wetu wa kwanza ukaishia kwa yeye kuchota kwa kidole na kulia machozi ya furaha. Alitoka Yucatán, upande wa Meksiko, kwenye watu wanaoitwa Wamaya, na mumewe, baharia wa hapahapa Durban, ndiye aliyemleta, akafa na kumwacha Point na mzigo wa uzi. Kihispania chake na Kifaransa chetu vilikutana katikati, na Kiswahili alikuwa ameshakiokoteza kwenye lifti, neno hapa neno pale. Akamwona Furaha amelaza shavu mezani. Akauliza, "Ju ya nini analala kama abiria?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akamshika yaya bega kwa ncha za vidole kama anayepima joto la uji, akasema yeye kwao kitanda hakina kazi. Mtu anazaliwa ndani ya machela, ananyonya humo, anaumwa humo, anazeeka humo, na kuta za nyumba hujengwa zikiwa na mahali pa kutundikia. Akatukaribisha tuje tuone yake. Nilifurahi, nikageuka kumtazama yaya, nikakuta uso umejifunga.

"Miye siingii mu ile kitu," alisema Furaha.

"Hata hujaiona, yaya."

"Niliona za kwetu. Blanketi na muti. Muntu akiwekwa mule ni ya kumushusha mulimani kupeleka hospitali, na benye banashushwa habarudiake. Ukiona banaume bane na muti ku mabega, unaanza kutafuta kitambaa ya kilio ya kufunga kichwa. Unataka banifungie kichwa ningali hai?"

Ilikuwa kweli. Kule milimani gari halifiki. Mgonjwa hubebwa amenyooshwa kwenye blanketi lililoning'inizwa kwenye mti, wanaume wakipokezana mabega, na akina mama waliosimama njiani hunyamaza mpaka wapite. Sote tumewahi kunyamaza hivyo. Mama Cande hakuelewa maneno yote lakini uso aliuelewa. Akasema sharp, si neno, akaondoka na ndagala wachache kwenye sahani.

Ni maumivu yaliyomshinda, si sisi. Joto la Februari lilipanda, lile la Durban linalokaa juu ya mtu kama nguo mbichi, na kwenye kiti alipokuwa amejikunja jasho lilimchubua ngozi. Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana alisema mwenyewe, "Nipeleke kwa ule mama, nione tu." Tulitembea ukumbi mzima tukishikana, tukipumzika kila mlango. Chumba cha Mama Cande kilikuwa kikubwa kama chetu lakini hakikuwa na kitanda, na kwa hiyo kilionekana kikubwa mara mbili. Katikati ilining'inia machela yake ya njano, imejikusanya nyembamba, na nikaona yaya anavuta pumzi. Alijilaza. Akajilaza jinsi alivyoona watu wakilazwa: amenyooka toka ncha hadi ncha, miguu pamoja, mikono kifuani. Machela ikamkunja katikati kama ndizi, mgongo ukapinda, akapiga kelele iliyowatoa majirani milangoni. Nilimrukia nimtoe, nikimtukana Mama Cande kwa lugha tatu.

"Hapana! Hapana!" Mama Cande alinisukuma kwa kiuno, maana mikono yake yote miwili ilikuwa chini ya Furaha. "Hapana vile. Vile ni maiti. Muzima analala hivi." Akamshika miguu akaisogeza upande mmoja, akamshika kichwa akakisogeza upande wa pili, mpaka yaya akawa amelala kimshazari, amekata machela toka kona mpaka kona. Na ile machela iliyokuwa imejikusanya nyembamba ikafunguka. Sijui kusema vizuri zaidi: ilifunguka, ikawa pana, ikanyooka chini ya mgongo wake kama mkono wa mtu anayempokea, na yaya akawa amelala bapa kabisa bila kuguswa na kitu kigumu mahali popote. Upepo wa dirishani ulipita chini yake. Mama Cande alimpa kamba nyembamba iliyofungwa kwenye msumari ukutani, aivute mwenyewe, ajibembeze. Furaha aliivuta, akaiachia, akaivuta tena. Nilisubiri aseme neno. Mkono ukaanguka na kamba ndani yake, na nikasikia koromo la dada yangu ambalo sikuwa nimelisikia kwa miezi. Tulikaa sakafuni mimi na mwanamke yule mpaka jua likageuka, tukila maharage kwa mikate myembamba aliyochoma kwa unga wa ugali, na nililia waziwazi, sikwenda chooni.

Alipoamka aliuliza ni siku gani. Halafu akasema, bado amelala, akitazama dari, "Nitalala mule. Lakini munaniahidi kitu moja, weye na Deo. Siku ya kutoka, musinitoshe inje na ile. Hapana kupitisha muti. Nitatoka mu mulango ginsi niliingia."

"Uliingia ginsi gani?"

"Kama muntu, Riziki."

Nikaahidi. Deo alipotoka kazini naye akaahidi, amepiga magoti pembeni ya kiti, na alipoulizwa mara ya pili akaahidi mara ya pili, maana yaya alimjua mumewe kwa kusema ndiyo haraka.

Mama Cande alisema machela ya kwake haifai kukopeshwa. Mgonjwa anahitaji yake. Akatoa kiunzi cha mbao, nguzo mbili na vibao viwili vya kukatiza, akakisimamisha kwetu karibu na dirisha, akazungusha nyuzi toka nguzo hadi nguzo mpaka zikawa kama mvua iliyolala. Kisha akanipa kijiti bapa kilichochongwa kama sindano kubwa na kujazwa uzi. Mimi nimesuka vichwa vya watu tangu utoto, nikadhani nitamaliza mbio, naye akanifumua safu tatu za kwanza. Nilikuwa nakaza. Nywele ukizilegeza zinafumuka, lakini machela ukiikaza inakufa. Katikati hakuna fundo hata moja. Uzi unapita chini ya mwenzake, unamshika, unamwachia aende, na ni kule kuachiana kunakoiruhusu ifunguke mtu anapolala kimshazari. Ncha zake mbili, zile anazoziita mikono, husukwa mwisho. Nilipoona anazidi kuongeza upana nilimwambia yatosha, yaya amekonda, hahitaji uwanja wa mpira. Mama Cande hakuinua macho. "Hii ya batu wawili. Mugonjwa hapana lala peke yake."

Akatuwekea na sheria nyingine: kwao kila anayeingia nyumbani husuka kidogo kabla ya kuketi. Ndivyo machela inavyokua bila mtu kuiona. Wageni wetu walikuwa akina mama wa kanisa, na kiongozi wao, Mama Esther, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, alisimama mlangoni na Biblia kwapani akaangalia kile kiunzi. "Eish! Munashona sanda na mwenye nayo anaona?" Nilimjibu vibaya. Furaha, kwenye kiti chake, alimjibu vizuri: "Mama Esther, kama ni sanda, uje uifanye ikuwe muzuri, weye unavaaka muzuri." Wakacheka wote, na cheko likamwondolea Mama Esther ukali. Akaweka Biblia chini, akashika kijiti. Alikaza kupita mimi. Mama Cande alimfumua bila huruma, akamfumua tena, na kufikia Pasaka yule mama alikuwa anapanda ghorofa sita kwa miguu na kuanza kusuka kabla hata ya kusali, akiwafundisha wenzake walegeze uzi kwa sauti ileile ya ng'ambo ya mto. Waliimba wakisuka. Chumba kikajaa harufu ya chai ya tangawizi na mafuta ya nywele na uzi mpya, na yaya aliwasikiliza wakiwasema watu, nani ameolewa upya, nani amefungua duka la simu, akiomba warudie pale alipokosa. Nikikumbuka mwaka ule, furaha ilikuwepo. Ndiyo maana unaniuma hivi.

Mlinzi wa jengo alitutobolea kulabu mbili ukutani, akituapia kwamba kuta za zamani zile zingebeba hata lori, na kuanzia Mei dada yangu alilala. Sisemi alipona. Nasema alilala, na asiyelala miezi anajua tofauti yake. Alilala mchana, alilala asubuhi, aliamka na hamu ya kula, akaniagiza chumvi na ndimu na akasema sombe zangu zina mawe. Vidonda vya ngozi vilikauka kwa hewa iliyopita chini yake. Alijibembeza kwa kile kikamba hata alipokuwa anaongea, hivi kwamba kila ninapofikiria sauti yake naisikia ikienda na kurudi. Na alilala kimshazari siku zote, kichwa upande wa dirisha, miguu upande wa jiko, amebaki kwenye nusu yake, ile nusu nyingine ikiwa imelegea tupu pembeni.

Jumapili moja mchana walidhani nimelala nyuma ya pazia, kwa sababu kitanda tulikuwa tumekigeuza changu. Nilimsikia yaya akisema, "Kuya ulale hapa. Nafasi iko."

"Nitakuumiza," alisema Deo.

"Mama Cande anasema haiumizi. Kila muntu na upande yake, kichwa kwa miguu. Bao banalalaka vile na batoto yabo yote."

"Ukikuwa muzuri kidogo, nitalala."

"Deo."

"Nitakuumiza, Furaha wangu. Niache nikuangalie tu."

Kikamba kilikuwa kimesimama. Nilitaka kufungua pazia nimwambie shemeji, mjinga wewe, panda, lakini kuna mambo ya mume na mke ambayo wifi wala shemeji hayaingilii, nikabaki nimeng'ata shuka. Baadaye nikasikia kikamba kimeanza tena.

Septemba mwishoni, asubuhi, miguu yake iligoma. Haikusikia kitu tena, na pumzi ikawa fupi. Tuliita gari la wagonjwa. Lifti ilikuwa imekufa tangu juzi yake. Wahudumu wawili walipanda na ubao wao, wakafika jasho linawatoka, lakini ngazi za jengo lile zilikuwa na kona nyembamba, na kwenye kona ubao ulibidi usimamishwe karibu wima. Walipojaribu kumfunga mikanda na kuuinua kidogo tu, yaya alipiga kelele wakamshusha palepale. Ukumbi ulijaa. Kila mtu alikuwa na shauri, na shauri likawa moja: mwanamume mmoja wa chumba cha jirani, mtu mwema kabisa, akasema, "Iko na hamac. Tunaitoa ku kulabu, tunapitisha muti, tunashuka pole pole." Wengine wakaitikia, mmoja akakimbilia ufito wa pazia. Nikamtazama dada yangu. Alikuwa amesikia. Alinitazama tu, na mimi naapa sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote.

"Hapana," nilisema, na hakuna aliyenisikiliza. Deo ndiye aliyefanya. Alivua koti lake la kung'aa la kulindia magari, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, akachuchumaa kando ya machela, mgongo umemwelekea mkewe. "Panda, mama."

Wahudumu walikataa. Deo hakuwasikiliza. Sisi wanawake tulimhamisha yaya toka kwenye machela hadi mgongoni kwa mumewe, tukamfunga kwa vitenge viwili, kimoja chini ya makalio, kimoja mabegani, kama tunavyofunga watoto, na fundo la kifuani alilifunga Mama Esther, aliyekuja kusali na kukuta hayo. Alilifunga kwa nguvu zake zote. Safari hii Mama Cande hakumfumua. Deo akainuka. Alipiga hatua, akashika ukuta, akapiga nyingine. Nilishuka nyuma yao nimebeba viatu vya dada yangu, kwa sababu alikuwa ameniambia kwa ishara nivichukue, na kwa hiyo maneno yao ya mwisho ambayo nimewahi kuyasikia niliyasikia kwenye zile ngazi, kati ya kona na kona. Kidevu chake kilikuwa begani kwa Deo.

"Nko muzito?"

"Hapana. Uko mwepesi."

"Unadanganya."

"Ndiyo."

Nikawasikia wanacheka, wote wawili, cheko fupi lisilo na pumzi. Kwenye mlango wa chini Furaha aliomba viatu. Nikamvalisha pale mgongoni kwa mumewe, miguu isiyosikia kitu, na akatoka nje kwenye jua la Point amevaa viatu, watu wa mtaani wakampisha bila kunyamaza, wakamsalimia.

Alifariki wiki hiyohiyo, hospitalini, kwenye kitanda cha chuma. Waliosema kwamba wanaobebwa hawarudi walisema kweli, ingawa hatukumbeba vile; machela haikuwa na kosa, wala ahadi yetu haikumwongezea siku hata moja. Nilizoea kufikiri hivyo nikijikataza kulia. Baada ya mazishi Mama Cande aliifua machela kwa maji baridi, akaikausha kivulini, akanikabidhi. Deo hakuweza kuingia chumbani zile kulabu zikiwa ukutani. Alilala kwa marafiki Cato Manor, kisha tukasikia yuko Johannesburg, kisha hatukusikia tena. Mama Cande naye alichukuliwa na ndugu wa marehemu mumewe, mbali na bahari, akaniachia kijiti chake cha kusukia na ubishi wa pilipili ambao mpaka leo hatujaumaliza. Amekwisha fariki. Nilipohamia Overport, kabla sijanunua hata kitanda, nilimwita fundi akatoboa kulabu mbili sebuleni, halafu miaka yote sikutundika kitu, zaidi ya kamba ya vitunguu.

Basi nikafunga saluni mapema, nikamleta Deo nyumbani. Kupanda ngazi zangu chache alipumzika mara kadhaa, mkono kiunoni. Njiani alikuwa amenieleza kwa kifupi: mgongo umemkataa, godoro linamchoma, analala ameketi kwenye kiti. Sikumwambia kwamba nimewahi kuona mtu analala hivyo. Nilitoa vitunguu, nikashusha foronya, nikatundika, nikafunga kile kikamba kwenye mpini wa dirisha. Machela ikaning'inia katikati ya sebule, samawati na nyeupe, na safu za Mama Esther zilizokazwa kidogo bado zikionekana ukijua pa kutazama. Sikufa. Nilidhani nitakufa.

Deo aliigusa kwa ncha za vidole. "Alinialika," alisema. "Nikaogopa." Nilimjibu kwamba najua, nilikuwa nyuma ya pazia. Akatikisa kichwa polepole, kisha akageuka, akaketi, akainua miguu, nami nikamwongoza bila kusema, miguu upande huu, kichwa upande ule, mpaka akanyooka. Lakini hakukaa katikati. Alijisogeza mpaka ukingoni kabisa, kichwa upande wa jiko, miguu upande wa dirisha, hivi kwamba nusu nzima ya machela ilibaki imelegea tupu kando yake. Nikaketi sakafuni, nikashika kikamba, nikaanza kumbembeza.

"Lala katikati, shemeji," nilimwambia. "Hutaanguka."

Alikuwa ameshafumba macho. "Hapana," alisema. "Iko ya batu wawili."